Madoa, ndimu na chupa ya asilimia 30

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 29, naishi Kisauni na nafanya kazi katika duka la vitambaa Biashara Street. Paji la uso na pua vinang'aa mafuta kabla hata ya saa nne asubuhi, lakini mashavu ni makavu mpaka yanavuta. Chunusi hunitoka kidevuni na kila moja huniachia doa jeusi. Nimekuwa nikijisugua kwa sukari na ndimu kila baada ya siku moja, na naona madoa yanazidi. Mdogo wangu anaolewa wiki sita kutoka sasa. Rafiki yangu ameniagizia mtandaoni chupa ya asidi ya glikoliki ya asilimia 30. Mama naye ananiambia niyaache yote hayo nirudi kwenye singo, ule unga wa liwa na karafuu wa kujisugulia. Nishike lipi? Na mume wangu ana vipele vya ndevu, je, naye atumie hiyo hiyo?

Jibu: Marahaba mwanangu, na arusi iwe ya heri. Nianze na ya haraka, kabla hujagusa kitu. Ile chupa ya asilimia 30 ifunge uiweke mbali, ndimu irudi jikoni leo hii, na sukari ipumzike. Wiki mbili zijazo uso wako usisuguliwe na chochote, hata singo ya mama. Osha kwa sabuni laini isiyo na manukato asubuhi na usiku, paka losheni ya kawaida ngozi ikiwa bado ina unyevu, na mchana paka sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua. Najua ulitaraji nikutajie cha kununua. Nitakitaja, lakini ngozi iliyokwaruzwa namna hiyo haipokei dawa hata ikiwa nzuri; itawaka tu, nawe utasema dawa ni mbaya.

Hayo madoa tuyaelewe kwanza, maana ndiyo yanayoamua mengine yote. Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli zilizokaa chini kabisa ya tabaka la juu. Katika ngozi nyeusi, na hata ya maji ya kunde, seli hizo ni nyepesi kushtuka. Chunusi ikitumbuliwa, ngozi ikichomeka kidogo au ikikwanguliwa, hutoa melanini nyingi kupita kawaida, na melanini hiyo hubaki pale miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kusahaulika. Ukilisugua doa ili litoke, unaliumiza upya palepale nalo linaongezewa rangi. Ndiyo maana umesugua kwa bidii na umezidisha. Mtu mweupe akijichoma kidogo kwa asidi atakuwa mwekundu siku kadhaa kisha arudi alivyokuwa. Wewe na mimi tunaweza kukaa na baka mwaka mzima. Video nyingi unazoziona simuni zimetengenezwa na watu wa ngozi ile, kwa hiyo kipimo chao si chetu. Mimi nina kanuni moja tu: kati ya dawa zinazofanya kazi, chagua iliyo dhaifu kuliko zote, kisha uwe na subira nayo.

Ndimu nimeitaja kwa ukali kwa sababu mbili. Ngozi yenye afya ina pH, yaani kipimo cha uasidi, ya karibu 5; namba ikishuka, uasidi umezidi. Maji ya ndimu yako karibu na 2, na hujui umekamua kiasi gani. Hilo peke yake linatosha kuchoma. La pili ni baya zaidi: ndani ya ndimu mna kemikali ziitwazo furokumarini, ambazo zikibaki kwenye ngozi halafu ngozi ikapigwa na jua, huwaka. Mtu hahisi kitu siku hiyo. Kesho yake au kesho kutwa ndipo huona wekundu au malengelenge, kisha mabaka ya kahawia ya wiki na miezi. Wanaokamua ndimu juani hupata michirizi kama hiyo mikononi bila kujua imetoka wapi. Magadi na baking soda, kabla hujaniuliza, ni kosa la upande wa pili: pH yake iko juu ya 8, na huivua ngozi ile kinga yake.

Sukari haina sumu. Kwenye viwiko na miguu iliyolowa, kwa mkono mwepesi, sina ugomvi nayo. Usoni penye chunusi ndipo ninapokataa, na ninakataa vilevile kahawa, chumvi, na skrabu za maganda ya mbegu yaliyosagwa. Punje hazichagui, zinapita juu ya chunusi iliyoiva, zinaipasua, na kidevu kinaongeza madoa mengine matatu.

Sasa hizo asidi. Seli zilizokufa zimelala juu ya ngozi kama makuti ya paa, moja juu ya nyingine, zimeshikana. Seli mpya huchukua takriban wiki nne kupanda kutoka chini mpaka juu na kudondoka, na muda huo huongezeka tunavyozeeka. Ngozi basi inajisafisha yenyewe; asidi hulegeza kile kinachozishikanisha ili zidondoke sawasawa, bila kusuguana. Watafiti wawili wa Marekani, Van Scott na Yu, ndio walioandika mwaka 1974 kuhusu kutumia asidi hizi kwa wagonjwa ambao ngozi yao hujaa magamba kwa sababu haidondoki ipasavyo. Napenda kukumbusha hilo, kwa sababu watu wanaojipaka kila usiku mara nyingi hawana magamba yoyote. Wana uso wa kawaida waliouchosha.

Kwenye chupa utaona herufi. AHA ni kundi la asidi zinazoyeyuka katika maji, nazo hufanya kazi juu ya ngozi. Glikoliki ndiyo yenye molekuli ndogo kuliko wenzake, hupenya haraka na kwa kina, na kwa hiyo ndiyo inayowaka zaidi. Laktiki ni kubwa kidogo na mpole zaidi, tena huivutia ngozi maji. Hii ndiyo ya ngozi kavu. Mandeliki ni kubwa zaidi ya hizo mbili na hupenya polepole, na kwa ngozi nyeusi yenye chunusi na madoa mimi huiona ni chaguo zuri ukiipata. BHA ni asidi ya salisiliki. Yenyewe huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo huingia ndani ya kitundu kilichoziba na kukizibua, na hupunguza uvimbe. Hii ni ya ngozi ya mafuta na chunusi, na asilimia 0.5 hadi 2 inatosha. PHA, kwa mfano glukonolaktoni, zina molekuli kubwa sana na ni za mtu ambaye kila kitu kinamuwasha. Mwenye pumu ya ngozi iliyoamka asitumie hata hiyo. Kwanza ngozi itulie.

Asilimia peke yake isikudanganye. AHA ya asilimia 10 yenye pH 3 inaweza kuwaka kuliko nyingine ya asilimia hiyo hiyo yenye pH 4. Kwa matumizi ya nyumbani, jopo la Marekani linalochunguza usalama wa vipodozi liliona AHA isizidi asilimia 10 na pH isishuke chini ya 3.5. Asilimia 30 ni kazi ya mtu aliyefunzwa: anapaka kwa dakika chache akiangalia saa, kisha anaizima. Huko hutegemea dakika, na kwa ngozi yetu dakika mbili za kuzidi ni baka. Chupa hiyo kuuzwa mtandaoni kwa mtu yeyote hakuifanyi iwe ya mtu yeyote. Wala usijaribu kuizimua kwa maji. Huwezi kujua umepata nini.

Wewe una nyuso mbili katika uso mmoja, na wengi wa Mombasa ni hivyo hivyo, hasa wakati wa kaskazi ambapo jasho na mafuta havikauki. Usitafute dawa moja ya kuenea kote. Paji, pua na kidevu vipe salisiliki ya asilimia 2, jeli au ya maji. Mashavu yaache na losheni nzuri yenye seramaidi au gliserini; yakitulia, baadaye unaweza kuyapa laktiki ya asilimia 5 mara moja kwa wiki. Nimesema baadaye. Mara nyingi mashavu yanayovuta hayahitaji asidi hata kidogo, yanahitaji kuachwa na sabuni kali. Hapa niulize, unaoshea maji gani? Kama ni ya kisima, ya chumvi, sabuni haitoi povu, mtu huongeza sabuni, anasugua tena, na uso unakauka. Suuza ya mwisho ifanye kwa maji ya mfereji, hata kikombe kimoja tu, uone tofauti.

Na kama kwenye paji una vipele vidogo vingi vya namna moja vinavyowasha, au shingoni na kifuani una mabaka yaliyopauka yenye unga, hiyo huenda ni fangasi, na joto letu hili huipenda sana. Watu huyasugua mabaka hayo kwa dodoki wakidhani ni nongo. Asidi na dodoki havitaiua. Dawa yake ni ya fangasi, muulize mfamasia. Dodoki lenyewe, kwa kuwa nimelitaja: lining'inizwe likauke kila baada ya kuoga, libadilishwe kila mwezi, na usoni lisifike.

Namna ya kupaka ni muhimu kuliko jina la chupa. Kabla ya yote, paka tone nyuma ya sikio au ndani ya mkono karibu na kiwiko, siku tatu mfululizo. Ikiwasha au ikivimba, umejiokoa. Mwenye mzio wa aspirini asiguse salisiliki. Kisha ni usiku tu. Osha, kausha, subiri ngozi ikauke kabisa kwa sababu iliyolowa hupitisha asidi zaidi. Paka safu nyembamba, kwepa pembe za macho, za pua na za mdomo. Baada ya dakika chache paka losheni. Anza mara moja kwa wiki. Wiki mbili zikipita salama, nenda mara mbili. Kwa ngozi kama yako mimi huishia hapo hapo. Msisimko wa dakika moja ni kawaida. Ikiunguza, suuza kwa maji mengi, usivumilie. Uzuri hauji kwa kuvumilia.

Usiku wa asidi usiwe usiku wa retinoli (dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A), wala wa skrabu, wala wa asidi nyingine. Kama unatumia benzoili peroksidi ya chunusi, itumie asubuhi au usiku mwingine, na uiache ikauke vizuri. Huchubua rangi ya nguo, na nimeona mabuibui na foronya zikitoka mabaka ya rangi ya kutu. Ukiona ngozi imeanza kung'aa kama plastiki, inavuta, au losheni yako ya siku zote ghafla inakuchoma, umezidisha. Acha kila kitu isipokuwa sabuni laini, losheni na mafuta mazito ya mgando, wiki mbili mpaka nne. Hapo hakuna njia ya mkato.

Bila sanskrini, haya yote ni kazi bure. AHA huongeza wepesi wa ngozi kuungua na jua, na hali hiyo huendelea mpaka wiki moja hivi baada ya kuacha. Ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani ilipendekeza bidhaa hizo ziwe na onyo la jua kwenye lebo. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Jua hili halina msimu wa kupumzika, na ule mwanga unaotia doa hupenya hata kioo, kwa hiyo ukikaa dirishani kwenye matatu kutoka Kisauni kupita Daraja la Nyali, shavu moja linalipa nauli mara mbili. Chukua SPF 30 au zaidi, paka ya kutosha vidole viwili, yaani mstari mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya cha kati, kwa uso na shingo, na urudie adhuhuri kama uko nje. Zile zinazotuacha weupe kama tumepaka majivu zinaudhi, najua. Tafuta iliyotiwa rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, nayo huzuia mwanga unaoonekana, ambao kwa ngozi nyeusi hutia madoa hata pale miali ya jua kali imezuiwa. Kwa mwenye madoa, nikipewa pesa za kitu kimoja tu, nitanunua hiyo na asidi nitaiacha dukani.

Turudi arusini. Wiki mbili za mwanzo, pumziko. Wiki ya tatu na ya nne, salisiliki mara moja kila wiki. Ya tano, mara mbili kama uso umekubali. Wiki ya sita hakuna asidi hata tone, kwa sababu ndipo kutakuwa na kutoa nywele za uso kwa uzi, na uzi juu ya ngozi iliyolegezwa na asidi huondoka na ngozi yenyewe. Acha angalau siku tano kabla ya uzi au nta, na siku tatu baada yake. Saluni wakikwambia wana fesho maalumu ya kukung'arisha siku mbili kabla, washukuru na uende zako. Madoa hayatakuwa yamekwisha. Wiki sita hazitoshi, mengi huchukua miezi mitatu mpaka mwaka. Lakini utakuwa na uso uliotulia, na poda hukaa vizuri juu ya uso uliotulia kuliko juu ya uliochubuka.

Hina nayo ina hesabu yake. Rangi ya hina hukaa katika zile seli zilizokufa za juu, ndiyo maana hupotea zikidondoka. Kwa hiyo kusugua mikono na miguu kufanywe kabla ya hina, siku moja au mbili, na baada yake usipake asidi wala skrabu huko. Piko nyeusi mwambie bibi arusi aikwepe. Nyingi ni rangi ya nywele, na ile kemikali iliyomo huwachoma watu wengine malengelenge, yakaacha maua yale yale yamechorwa kwa kovu.

Mama yako kuhusu singo hajakosea sana. Unga wake ukisagwa laini ni mpole kuliko sukari, na hupakwa ukiwa umelowa marashi. Mwilini, fanyeni mfurahi. Kinachonitia wasiwasi usoni ni vitu viwili: karafuu, kwa sababu mafuta yake huwasha ngozi nyeti na huleta mzio kwa baadhi ya watu; na ile tabia ya kuacha ikauke kabisa kisha kuifikicha mpaka idondoke yote. Kwa uso wako, liwa na marashi ya mawaridi tu, na uifute kwa kitambaa kilicholowa kabla haijakauka. Iwe mara moja, katika wiki hiyo ya mwisho isiyo na asidi, na siyo siku ya uzi. Umjaribie nyuma ya sikio bibi arusi pia, hata kama bibi zake wote walipakwa.

Jambo moja la kukuonya, kwani arusi ikikaribia huwa halikosekani. Atatokea mtu na kopo lisilo na lebo la kuondoa madoa kwa siku saba. Makopo ya namna hiyo huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, wakati mwingine vyote kwa pamoja. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kugeuza ngozi kuwa ya bluu iliyokolea, hali ambayo ni ngumu mno kurudisha. Kenya imekwisha piga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeibana zebaki duniani, lakini kopo lisilo na lebo halisomi sheria. Kisichotaja kilichomo ndani, usipake.

Baada ya arusi, kama chunusi za kidevu zinaendelea, hasa zikija na siku zako za mwezi, muone daktari wa ngozi. Hizo mara nyingi ni za homoni na asidi ya chupa haizifikii. Mwulize kuhusu asidi ya azelaiki. Inashughulika na chunusi na madoa kwa pamoja, ni mpole kwa ngozi nyeusi, na inaruhusiwa hata kwa mjamzito. Nalitaja hilo kwa sababu kama mnatafuta mtoto, retinoli na ndugu zake wote uwaache kabisa.

Na bwana wako. Vipele vya ndevu hutokana na nywele za kipilipili zilizokatwa karibu mno. Ncha hujikunja na kuingia ngozini, na ngozi huvimba. Dawa ya kwanza ni kuacha wembe. Atumie mashine, aache nywele za milimita moja hivi, na kinyozi asipitishe mara mbili mahali pamoja. Jioni ambayo hakunyoa apake salisiliki yako ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki, penye vipele tu. Akimaliza kunyoa asipake asidi wala spiriti usiku huo, losheni inatosha. Nywele iliyoingia aikoshe kwa kitambaa cha maji vuguvugu mpaka ichomoze yenyewe, asiichimbe kwa sindano. Na kama ana kisukari, basi vipele vikianza kutoa usaha aende hospitali mapema. Miguuni vilevile asipake salisiliki wala kujisugua kwa jiwe. Mtu mwenye kisukari anaweza kujikata unyayo asihisi.